Bomba Limepita Nyuma ya Shamba, Bibi Bado Anapikia Kuni

Mwaka jana nilikuwa Dar kwa siku nne. Siku ya pili nikapanda bajaji kutoka Ubungo kwenda Kariakoo, na nyuma ya kiti changu kulikuwa na mtungi mrefu wa chuma umefungwa mikanda kama mtoto wa nasari kwenye basi la shule. Nikauliza ni nini.

"Gesi, kaka," dereva akasema. "Mimi petroli nimeachana nayo. Ila leo nimekaa foleni toka saa kumi na moja alfajiri."

Mimi ni wa Nairobi. Gesi kwangu ni ile meko ya kilo 6 iliyo kona ya keja, inayoisha Jumapili usiku chapati ya tatu ikiwa kwenye moto. Kwa hivyo nikaanza kumhoji kama polisi wa trafiki. Hiyo gesi inatoka wapi? Kusini, Mtwara. Inafikaje Dar? Kwa bomba. Kumbe na yeye ni wa huko huko. Akaniambia, bila hata kugeuka: "Bomba limepita nyuma ya shamba la bibi yangu. Na bibi mpaka leo anapikia kuni."

(Kwa dakika nzima nilidhani anamsema mke wake, nikaanza kushangaa kwa nini mke anaishi mbali hivyo. Kwetu Kenya bibi ni mke. Kwao bibi ni nyanya. Tulicheka hadi Jangwani.)

Hiyo sentensi yake imekataa kunitoka kichwani. Inarudi kila nikiona ile habari ya bomba la gesi kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa ikizunguka tena mitandaoni, na watu wakishangilia eti sasa bei ya gesi itashuka. Wasee, hapana. Yaani labda, siku moja, lakini si kwa njia mnayofikiria. Na nataka tuiongee hii mambo polepole, kwa sababu bomba la namna hiyo hujengwa kwa mkopo, na mkopo huo tutaulipa sisi tukiwa na miaka 45 na watoto wawili wa shule.

Kwanza kabisa, gesi ni mbili tofauti. Iliyo kwenye mtungi wako ni propani na butani. Inakuja Mombasa kwa meli, inapakiwa kwenye malori, inapanda barabara hadi kwa yule jamaa wa duka hapo chini. Ukiibana kidogo tu inageuka maji, ndiyo maana ukitikisa mtungi unasikia kitu kinacheza ndani. Gesi asilia, hii ya Mtwara, karibu yote ni methani, na methani ni kichwa ngumu. Haigeuki maji kwa kubanwa tu. Lazima uipoze hadi nyuzi 162 chini ya sifuri. Kwa hivyo huwezi kuijaza kwenye mtungi wa kilo 6 ukaibeba na nduthi hadi Githurai. Ile ya bajaji ilikuwa bado hewa, imebanwa kwa presha kubwa ajabu ndani ya chuma kinene.

Sasa unganisha. Bomba la Dar hadi Mombasa likifunguliwa kesho asubuhi, na rais akakata utepe, na bendi ikapiga, bei ya kujaza mtungi wako haiguswi. Kinachopita ndani ya bomba si kile unachonunua. Ili gesi ya bomba ipike chapati zako, lazima bomba lingine dogo lifike hadi kwenye ploti yenu, ukuta utobolewe, mita iwekwe, na hata midomo ya jiko ibadilishwe kwa sababu methani haiwaki kwa kipimo kile kile. Nani atachimba hilo bomba dogo? Tulia nalo hilo swali, tutalirudia.

Bomba kubwa la gesi lifikirie kama Expressway. Unaijua Expressway. Ukiwa kibandani pale Mombasa Road inapita juu ya kichwa chako, unasikia magari yakivuma kwenda Westlands, kivuli chake ndicho kinakupoza mchana, lakini huwezi kupanda kutoka ulipo. Unapanda penye mlango, na mlango uliwekwa pale mwenye barabara alipoona kuna magari ya kutosha kulipa. Bomba ni hivyo hivyo. Gesi iliyo ndani inasukumwa kwa presha ya makumi ya mara ya hii hewa tunayovuta. Jiko linataka presha ndogo sana, mguso tu juu ya hewa ya kawaida. Ukiunganisha jiko la nyanya moja kwa moja kwenye lile bomba, hutapika, utaondoka na paa.

Kati ya hizo presha mbili lazima kuwe na kituo. Mji wowote unaotumia gesi ya bomba una mahali kama hapo, ukingoni mwa mji: bomba kubwa linaingia, gesi inashushwa presha, inapimwa, na inatiwa harufu. Ndiyo, inatiwa. Methani yenyewe haina harufu hata kidogo. Ule uvundo wa yai viza unawekwa makusudi ili ikivuja pua yako ijue kabla ya kiberiti chako. Kutoka pale inaingia kwenye mabomba ya kati, halafu kwenye mabomba membamba ya plastiki yanayofukiwa mtaa kwa mtaa, kichochoro kwa kichochoro, hadi kwenye mita yako.

Kisirani kiko hapo kwa mabomba membamba. Picha za magazetini ni za yale makubwa, wanaume wenye kofia za manjano wamesimama kando ya chuma. Lakini kuchimba kila barabara ya mtaani, kukwepa maji taka, nyaya za stima na nyaya za intaneti, halafu mwisho wa safari umpate mtu anayepika ugali na sukuma mara moja kwa siku, hiyo biashara hailipi haraka. Mtambo mmoja wa umeme unachoma kwa siku gesi ambayo mtaa mzima ungepikia kwa miezi. Ungekuwa wewe ndiye mwenye bomba, ungempelekea nani kwanza?

Tanzania wameshatuonyesha jibu, na sisemi hivyo kwa ubaya. Gesi ya kisiwa cha Songo Songo, kule Kilwa, iligunduliwa 1974. Ilianza kufika Dar 2004. Miaka thelathini! Mtoto aliyezaliwa siku waliyoigundua alikuwa mzee wa familia siku ilipowasha kitu. Ilikaa chini ya ardhi muda wote huo, na sababu si kwamba watu walikuwa hawajui iko. Hakukuwa na mnunuzi mkubwa wa kubeba gharama ya bomba. Alipopatikana, alikuwa nani? Mitambo ya umeme ya Ubungo, na kiwanda cha simenti cha Wazo Hill. Mama lishe wa Manzese hakuwa kwenye hesabu.

Halafu ikaja ya Mtwara. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, na kwa miaka mingi ilikaa kimya pia. Serikali ilipoamua kujenga bomba kubwa hadi Dar kwa mkopo wa benki ya Exim ya China, kama dola bilioni 1.2, watu wa Mtwara waliuliza swali rahisi: mbona gesi iende ghafi? Mbona mitambo na viwanda visijengwe hapa ilipo, halafu mkasafirisha umeme? Kumbuka hawa ni watu ambao reli yao, ile ya Mtwara hadi Nachingwea iliyojengwa enzi za Waingereza kwa mradi wa karanga, iling'olewa miaka ya 1960. Ukiwa umeshaona reli ikiondoka, unaangalia bomba kwa jicho lingine.

Januari 2013 wakaandamana. Mei mwaka huo huo, bajeti ya nishati iliposomwa bungeni na ikawa wazi bomba liko palepale, mji ukawaka. Nyumba zilichomwa, jeshi likaingia mitaani, watu wakafa. Neno lililokuwa kwenye kila mdomo lilikuwa "gesi haitoki".

Gesi ilitoka. Oktoba 2015 Rais Kikwete alizindua bomba: kipenyo cha inchi 36, yaani mtu mzima anaweza kutambaa ndani, jumla ya kilomita 542 ukihesabu na tawi la Songo Songo, uwezo wa kubeba futi za ujazo milioni 784 kwa siku. Miaka ya mwanzo lilibeba sehemu ndogo tu ya uwezo huo.

Najua mtu atasema Dar ilihitaji umeme, na ni kweli kabisa. Miaka ile walikuwa na mgao wa umeme wa kuua biashara, mvua ikikosa mabwawa yanakauka. Mitambo ya Kinyerezi, megawati 150 ule wa kwanza na 240 wa pili, imewasha saluni na viwanda na friji za samaki za watu milioni kadhaa. Na Mtwara haikukosa kila kitu. Mji wenyewe ulikuwa unapata umeme wa gesi ya Mnazi Bay hata kabla ya bomba, na kiwanda cha simenti cha Dangote kule leo kinatumia gesi hiyo. Siwezi kukaa Nairobi nimechaji simu niseme bomba lile lilikuwa kosa. Ninachosema ni kwamba bomba lilichorwa kumfuata mnunuzi. Nyanya wa yule dereva hayuko kwenye mchoro. Na hata Dar penyewe, mji uliohesabiwa watu zaidi ya milioni 5 kwenye sensa ya 2022, nyumba zilizounganishwa mabomba ya kupikia, Mikocheni, Sinza na kwingineko, bado ni chache. Jiko la kawaida la Dar ni mkaa, au mtungi kama wangu.

Haya, turudi nyumbani. Mei 2021 Rais Samia alikuja Nairobi, yeye na Uhuru wakakubaliana kuhusu bomba la gesi kutoka Dar hadi Mombasa, karibu kilomita 600. Oktoba 2022 Ruto akaenda Dar na kusema liharakishwe, na baadaye lifike Nairobi. Marais wawili tofauti, bomba lile lile. Safi. Sasa swali la Songo Songo: mnunuzi mkubwa upande huu ni nani?

Si stima. Hapa ndipo sisi na jirani tunatofautiana. Karibu asilimia 90 ya stima yetu inatoka kwenye mvuke wa Olkaria na wenzake, maji, upepo na jua. Tunalalamika kuhusu tokeni kila siku na tuna haki, lakini shida ya bili zetu si kukosa gesi. Kuna mitambo ya mafuta mazito pale Mombasa, Kipevu na Rabai, ambayo ingeweza kubadilishwa itumie gesi, na hewa ya Mombasa ingeshukuru. Kuna viwanda vya simenti, chuma, vioo, vigae, ambavyo vinataka moto mkali saa zote. Hao ndio wanunuzi. Viwanda vikipata moto wa bei nafuu, kazi zinaweza kuja, na mimi ninao marafiki watatu wenye digrii za uhandisi wanaouza mitumba kwa hivyo kazi si kitu ninachodharau. Lakini tuambiwe hivyo. Tuambiwe hili ni bomba la viwanda vya Pwani. Tusionyeshwe picha ya mama jikoni akitabasamu mbele ya moto wa buluu halafu bomba likaishia Dongo Kundu.

Kuna jambo lingine la ujirani ambalo watu wamesahau haraka sana. 2017 Kenya ilizuia gesi ya mitungi kuingia kwa barabara kutoka Tanzania. Tanzania nao wakajibu kwa kuzuia maziwa na sigara zetu. Miezi kadhaa ya kununa, halafu mawaziri wakasuluhisha. Hiyo ilikuwa malori; lori unaweza kuliambia lingoje mpakani. Fikiria kununa kwa namna hiyo kukiwa na bomba, na kiwanda cha vioo ambacho tanuri lake likizimika linaharibika.

Ghana wanaijua hii. Wananunua gesi ya Nigeria kupitia bomba la Afrika Magharibi, kilomita 678, sehemu kubwa chini ya bahari, likipita Benin na Togo. Agosti 2012, maharamia walijaribu kuvamia meli pwani ya Togo, katika purukushani nanga ikaburutwa na kupasua bomba. Nanga moja! Gesi ikakatika karibu mwaka mzima, na Waghana wakakaa gizani kwa zamu hadi wana neno lao la kukatika na kurudi kwa umeme, dumsor, ambalo kila mtoto analijua. Na hata bomba liliporekebishwa, gesi ilipunguzwa wakati mwingine kwa sababu Ghana ilikuwa na deni. Jirani yako anaweza kuwa rafiki wa kweli na bado akafunga valvu usipolipa. Ungefanya hivyo pia.

Mbona basi nisiseme tuachane nalo tu? Kwa sababu ya meli.

Mbali na gesi ya nchi kavu, Tanzania wana gesi nyingi sana chini ya bahari kuu. Ukijumlisha yote wanataja futi za ujazo trilioni 57. Equinor na Shell na wenzao wamekuwa wakizungumza na serikali kwa zaidi ya miaka kumi kuhusu kujenga mtambo Lindi, unaokadiriwa dola bilioni 42, wa kuipoza ile methani kichwa ngumu hadi iwe maji. Ikipoa hivyo inasinyaa mara 600, inaingia kwenye meli, inaenda Asia au Ulaya. Na meli, tofauti na bomba, inaweza kugeuza usukani. 2022 tuliona. Urusi ilipunguza gesi ya kwenda Ulaya, mabomba ya Nord Stream yakalipuliwa chini ya Bahari ya Baltiki mwezi Septemba, na Ujerumani, ambayo kwa miaka ilitegemea mabomba hayo, ikajenga kituo cha kupokea meli pale Wilhelmshaven kwa miezi michache tu. Ulaya ilikuwa na pesa, meli zikafuata pesa. Pakistan mwaka huo ilitangaza tenda ya meli 10 za gesi na hakuna hata kampuni moja iliyojitokeza. Hakuna. Watu wakakaa bila umeme kwenye joto la Julai kwa sababu mtu wa Berlin aliogopa baridi ya Desemba.

Kwa hivyo sitaki kesho yangu itegemee meli inayosikiliza mnada. Bomba lina kitu kimoja ambacho meli haina: haliwezi kugeuka. Muuzaji akishalifukia hadi Mombasa, naye amefungwa kama mimi. Gesi iliyo ndani haina pengine pa kwenda. Naona hiyo kama ndoa, na ndoa unaingia ukiwa umeshaongea kuhusu pesa. Na wakati wetu wa kuongea ni sasa, kabla ya Lindi kuanza kumimina kwa wenye yen na euro. Tena naona jirani naye anatafuta wateja: bwawa la Julius Nyerere lilianza kutoa umeme 2024, na likiwa na megawati 2,115, gesi ya kuchoma kwa ajili ya umeme inaweza kupungua. Mteja anayetafutwa ana sauti. Tuitumie.

Nimesema kuhusu pesa. Sasa kuhusu mahali bomba linapopita, na hapa sichekeshi. Septemba 12, 2011, bomba la petroli lilivuja Sinai, pale Lunga Lunga. Petroli ikaingia kwenye mtaro unaopita katikati ya nyumba za mabati. Watu wakatoka na ndoo na mitungi, kwa sababu ukiwa maskini na kitu cha bei kinapita mlangoni bure, unatoka na ndoo. Kisha moto. Zaidi ya watu 100 walikufa. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka watu wazima wakilaumu marehemu, eti walikuwa wanaiba. Miaka mingi bomba limepita chini yao, halijawapa chochote, na siku lilipowapa liliwaua.

Na tusijidanganye kwamba bila bomba tuko salama. Usiku wa Februari 1, 2024, gesi ililipuka Embakasi kwenye uwanja wa kujazia mitungi uliokuwa umenyimwa leseni, katikati ya fleti za watu. Watu walikufa, zaidi ya mia mbili wakajeruhiwa, wengi wakiwa vitandani mwao. Ile gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa: ikivuja inatambaa chini, inaingia chini ya milango, inangoja cheche. Methani ni nyepesi, ikivuja nje inapanda juu. Ndani ya nyumba iliyofungwa zote ni hatari, lakini ukiniuliza kama ningependa mtaa wenye bomba jembamba lililofukiwa vizuri, au mtaa wenye lori la gesi limeegeshwa kando ya kinyozi, najua jibu langu.

Ndugu zangu wa mazingira, nimewaona mkijikuna. Ndiyo, methani ikivuja bila kuchomwa inapasha dunia joto mara zaidi ya 80 kuliko kaboni dioksidi kwa miaka 20 ya kwanza, na bomba bovu linavuja. Kwa hivyo mita za kupima uvujaji ziwe kwenye mkataba, si kwenye hotuba. Lakini msiniambie kuhusu hali ya hewa ya dunia kabla hamjakaa jikoni mwa mtu anayepulizia kuni mvua ikinyesha. Huo moshi pia ni hewa.

Sasa lile swali la nani atachimba bomba dogo. Naona jibu liko kwenye fleti mpya za hapa Nairobi tayari. Kuna majengo ambayo mitungi mikubwa imewekwa nyuma, kwenye kizimba cha waya, na gesi inapanda kwa mabomba hadi kila nyumba ikiwa na mita yake. Landilodi alifanya hivyo wakati wa kujenga, gharama ikaingia kwenye saruji, wapangaji hata hawakuihisi. Kutoboa ukuta uliokwisha rangi ndiyo ghali. Kwa hivyo mimi ningeanza upande ambao hakuna rais anayekatia utepe: kila nyumba za bei nafuu zinazojengwa na serikali, kila hosteli, kila shule ya bweni inayopikia kuni kwa malori, ziwekewe mabomba ya ndani leo, zikitumia gesi ya mitungi mikubwa. Bomba la Dar likija litakuta milango iko wazi, ni kubadilisha midomo ya majiko tu. Lisipokuja, tumepoteza nini? Watoto wa bweni hawali tena githeri yenye moshi.

Na kuhusu njia yenyewe: bomba kutoka Dar kuja Mombasa litapita nyuma ya mashamba ya watu, Tanga upande wao, Kwale upande wetu. Nyanya wa watu wako huko. Kuweka matoleo ya gesi njiani wakati unajenga ni rahisi kuliko kukata chuma chenye presha miaka kumi baadaye. Kituo cha kushusha presha kwa ajili ya mji mdogo kama Ukunda, hospitali yake, shule zake, hoteli zake zinazolipa vizuri, si ndoto. Hoteli za Diani zinaweza kuwa yule mnunuzi mkubwa anayembeba mdogo. Lakini haya huandikwa kabla ya mkopo kusainiwa, kwenye zile kurasa ambazo hakuna mtu anasoma.

Katiba yetu inataka wananchi washirikishwe, na siku kikao cha maoni kikiitishwa Mombasa au Kwale, nitapanda SGR niende. Swali nimeshaliandika kwenye simu: kati ya mpaka na Mombasa, gesi inatoka kwenye bomba vijiji gani, na ni nani analipia hilo toleo? Kama uko Kwale na unasoma hii, tafadhali fika kabla yangu, wewe ndiye mwenye shamba.

Yule dereva alinipa namba yake siku ile. Juzi nilimtumia ujumbe wa sauti kumuuliza bibi anaendeleaje. Akajibu jioni, akiwa foleni ya gesi, nasikia honi nyuma yake. Bibi mzima, kaka. Ila huko kwetu mvua imenyesha wiki nzima, kuni zote zimelowa.